Bi Dama Sanga, Aliyekataa Kuandika "Hajambo"

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Dama Sanga anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, kumi na miwili kati yake akiwa katika kitengo chetu kidogo cha utafiti hapa Msambweni. Kwa wasiotujua, kazi yetu ni kuwafuata majumbani watoto walioumia kichwa. Daktari akishamruhusu mtoto, sisi ndio tunaotazama anaendeleaje mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano.

Bi Dama ni mzaliwa wa Kinango, na maneno yake ni kama maji ya huko, hayamwagwi ovyo. Alianza mwaka 1997 akiwa karani wa faili, na alikuwa akilipata faili lako kabla hujamaliza kutaja jina la baba. Alipohamia kwetu mwaka 2013, siku ya kwanza alisoma kumbukumbu za watoto wote. Siku ya pili alinunua helmeti yake mwenyewe. Tangu hapo hapandi bodaboda bila hiyo, na mara nyingine husahau kuivua. Aliwahi kuingia nayo matangani kule Ramisi, akawapa pole wafiwa mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Watoto wa Kibuyuni wanamwita Bi Helmeti hadi leo.

Lakini tunayemuaga ni mwanamke aliyetuokoa na aibu, na mwenye aibu hiyo ni mimi ninayeandika. Mwaka wa kwanza wa Bi Dama kwetu tulikuwa na watoto sitini na wanne. Mimi nilikuwa napiga simu. Baada ya salamu namwuliza mama mtoto anaendeleaje, naye ananijibu hajambo, tunamshukuru Mungu. Nami naandika: amepona. Watoto hamsini na tisa niliwaponya hivyo, kwa kalamu, nikiwa nimekaa kitini na chai yangu.

Mkuu wetu, Daktari Rispah, aliandika ripoti yenye furaha kubwa. Kama ingetoka vile, ufuatiliaji ungefungwa, maana nani atawafuata watoto waliokwisha kupona? Ilibaki sahihi ya Bi Dama tu, msimamizi wa kumbukumbu zetu. Akakataa. Alisema watu wa pwani hata nyumba ikiungua, ukiwauliza habari watakujibu njema, kisha ndipo wakuombe ndoo ya maji. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, ila kina mama hawa hawakuficha kitu. Walikuwa na adabu tu, nasi tuliigeuza adabu yao kuwa takwimu.

Aliomba wiki sita, akavaa helmeti yake, akaenda nyumba zote sitini na nne. Salamu zikiisha na maji yakinywewa, alikuwa na swali moja: ukimtuma, hufika? Na akifika, hukumbuka? Kisha huomba mtoto atumwe pale pale, kwa jirani, akalete vitu vitatu. Nani kwetu hakukua kwa kutumwa? Daktari Rispah, ambaye hapendi kubahatisha, alitaka watumwe pia watoto wazima wa rika lile lile. Wazima walirudi na vitu vyote vitatu, na umbeya wa jirani juu yake.

Nambari ishirini na saba alikuwa Fauzia wa Ramisi, aliyegongwa na pikipiki akitoka madrasa, akiwa na miaka saba. Kwenye karatasi yangu amepona. Na kweli alitembea, alikula, alicheka. Bi Dama alipoomba atumwe chumvi, kiberiti na kitunguu, mama yake, Mwanasha, alisema ajaribu tu, maana mtoto huyo siku hizi amekuwa mkaidi, wamechoka kumchapa. Fauzia alitoka mbio. Alipokawia wakamfuata, wakamkuta njiani amesimama, mikono mitupu, machozi yanamtoka, hajui ametumwa nini wala kwa nani. Mwanasha alikaa chini mchangani. Mwaka mzima alikuwa akimchapa mtoto asiye na kosa. Bi Dama alikaa naye hapo hapo mpaka jua likawafukuza.

Kati ya wale hamsini na tisa wangu, ishirini na watatu hawakuweza kutumwa. Ripoti iliandikwa upya, ufuatiliaji ukaendelea, na walimu wakaelezwa kwamba wengine waliowaita wavivu na watoro ni wagonjwa. Leo kila mtoto anayefika kwetu hupimwa kwa kutumwa. Kwenye mkutano wa wataalamu Mombasa, msomi mmoja aliuliza jina la kitaalamu la kipimo hicho. Bi Dama alimjibu kwamba kinaitwa kumtuma mtoto, akarudi kuketi.

Na aliyepima ndiye aliyetibu. Alimfundisha Mwanasha kumtuma Fauzia kitu kimoja tu, mpaka kizoeleke, kisha viwili, na kila kitu akifungie fundo kwenye pindo la mtandio. Mafundo mawili, vitu viwili. Ilichukua miezi saba kulifikia fundo la tatu. Kwa miaka kumi na moja Bi Dama hakuacha kwenda Ramisi, hata mwaka alipokuwa likizoni kwa maumivu ya goti.

Wiki iliyopita Fauzia, sasa msichana wa miaka kumi na tisa anayesomea ushonaji, alikuja kutusaidia kuandaa sherehe hii. Kichwa bado humuuma jua likiwa kali, hatusemi uongo tena humu. Tulimtuma madukani alete halua, kahawa na vikombe. Mtandio wake haukuwa na fundo. Bi Dama akajitia kupanga viti, lakini macho yote dirishani, nami nilikuwa kando yake.

Fauzia akarudi. Alifika getini na halua na vikombe, akasimama. Wallahi nilifungua mdomo nimwite. Bi Dama alinishika mkono, akanikataza. Binti akatazama mfuko wake, akahesabu kwa vidole, akajipiga paja kwa kujicheka, akageuka mwenyewe kuifuata kahawa.

Bi Dama alilia, nami nililia. Kisha akachukua karatasi ya nambari ishirini na saba, na pale nilipowahi kuandika amepona akaandika kwa mkono wake: anajua alichosahau.

Bi Dama, asante kwa kututuma nasi tukafika. Tunakuombea afya, goti lisilouma, mvua ya kutosha Kinango na maisha mema yenye baraka. Helmeti usiiache.

Alamin Abdurahman, karani wa takwimu