Maji ya Msiba wa Dorotea

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, wazee wetu shikamooni, majirani wa Igogo na ndugu mliotoka Kisesa, familia imemwomba Gladness, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na kwa kuwa sauti yake inaweza kukatika njiani mnaombwa mumvumilie, atasoma haraka haraka ili afike mwisho.

Dorotea Mhoja alizaliwa tarehe 14 Mei 1991 kijijini Bujora, mtoto wa pili wa mzee Mhoja na mama Ng'washi, alizaliwa mnene, analia vizuri, hana kasoro, na hakuna aliyewaza lolote mpaka alipoanza kukaa, ndipo siku moja viganja na nyayo vikavimba kama andazi, shangazi akasema ni meno yanakuja vibaya, mtoto akachanjwa chale kwenye viwiko vya mikono, uvimbe ukaisha wenyewe kama unavyoisha siku zote, shangazi akapewa kuku wa shukrani, na kwa hiyo kila alipovimba tena alichanjwa tena, zile alama mlizokuwa mnaziona akishika mkasi ndizo hizo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1999 hapo hapo kijijini, na mwaka 2000, baada ya kumeza dawa za malaria mpaka masikio yakawa yanapiga kelele, daktari mmoja mjini alimpima damu akakuta ni sikoseli, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye mabango, akamweleza mama Ng'washi kwamba chembe za damu za mtoto huyu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na panapoziba ndipo panapouma, baridi ikimpata zinaziba, maji ya baridi yakimpata zinaziba, na majirani waliokuja kumpa mama pole walimshauri kwa nia njema kabisa kwamba mtoto huyo asimnunulie vitu vya kudumu.

Alimaliza la saba mwaka 2005, akasoma sekondari Kisesa kuanzia 2006 hadi 2009, na huko ndiko alikojifunza kwamba ugonjwa usioonekana una kazi mbili, kuuma na kujieleza, maana hakuwa na bandeji wala kidonda cha kuonyesha, na mwalimu wa zamu alimwambia mbele ya mstari, "Dorotea, jana Jumapili umeimba kwaya mpaka dari limetikisika, leo Jumatatu huwezi kushika jembe, ugonjwa gani huo unaojua kalenda?", watoto wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda nyuma ya choo akang'ata ukosi wa shati mpaka maumivu yakapita, haya aliyasimulia mwenyewe akiwa mtu mzima, na hata wakati anasimulia alikuwa anacheka.

Mwaka 2010 alijifunza ushonaji, na Januari 2012 alihamia hapa Igogo, akapanga kibaraza, akaanza kushona sare za shule, na nyonga ya kulia ilipoharibika mwaka 2015 kwa ugonjwa huo huo alijifundisha kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, wateja wakidhani ni mbwembwe.

Turudi nyuma kidogo, hapa pamerukwa jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Mnajua utaratibu wetu, msiba ukitokea kila mwanamke anakuja na ndoo yake ya maji, mapipa yajazwe kabla jua halijapanda, na mwaka 2013, kwenye msiba wa kwanza tangu ahamie, Dorotea alikuja mikono mitupu, amejifunga vizuri, amenawiri, haonekani mgonjwa hata kidogo, na Mama Justa, kiongozi wetu wa kina mama, akamwambia kwa sauti ambayo hata wanaume waliokuwa wanacheza bao waliisikia, "Mwanangu, ndoo haina meno, haikung'ati, lakini sawa, siku ya kwako mapipa yatakaa makavu, tutakuosha kwa mate." Dorotea akamjibu kwa adabu, "Mama, maji yaniacheni, nipeni moto, mkikuta sufuria halijachemka ndipo mnitemee", akavuta kigoda, akakaa kwenye mafiga, na tangu siku ile hakuna msiba wa mtaa huu ambao moto wake haukuwashwa na Dorotea, akisema yeye ni mjusi, asipoota moto hatembei. Mama Justa hakuwahi kuyarudia maneno yale, wala hakuwahi kuyafuta, ila waliokuwa na macho waliona kwamba kila msiba kigoda cha Dorotea kilikutwa kimeshawekwa, upande ambao upepo wa ziwa haufiki.

Tarehe 18 Juni 2016 alifunga ndoa na Nestory Masele, fundi wa mashine za mitumbwi, ambaye Dorotea alimpeleka kupima damu kwanza akisema pete itasubiri majibu, na tarehe 9 Februari 2018 wakajaliwa mtoto mmoja, Jonathan, mzima kabisa, na alipoambiwa mtoto ni mzima Dorotea alimnunulia kitanda cha mbao ngumu cha mtu mzima, cha kudumu.

Agosti 2021 mdogo wake Gladness alijifungua Odeta, na kabla mtoto hajatimiza mwaka viganja vikavimba kama andazi, na Gladness, ambaye hadithi ya shangazi na chale alikua nayo masikioni, hakuuliza mtu, alimfunga mtoto mgongoni akakimbia mpaka kibarazani pa dada yake bila viatu, akamnyooshea tu ile mikono, na Dorotea akaacha kitambaa chini ya sindano, akaishika ile mikono midogo, akaipulizia, akasema, "Hii naijua. Usiogope, mdogo wangu. Wakikuambia hafiki miaka mitano, niangalie mimi. Wakikuambia hafiki kumi, niangalie mimi." Wakaambiwa hivyo kweli, na Gladness akamwangalia kweli, alimwangalia akila, akicheka, akigombana na wateja, kila asubuhi Odeta akiamka na homa Gladness alipita kwanza kibarazani kuhakikisha dada yake yupo, ndipo aende hospitali, yaani huyu marehemu kwake alikuwa dada, lakini alikuwa pia ndilo jibu.

Ijumaa ya tarehe 21 Machi 2025 kulikuwa na msiba wa jirani, mvua ikanyesha mchana kutwa, kuni zikalowa, moto ukawa unakataa, na Dorotea alikaa pale na kanga iliyolowa mpaka waombolezaji wote wakala, anatania watu, anasukuma kuni, hakuna aliyejua, na msijilaumu, hata aliyekaa naye kigoda kwa kigoda hakujua, hakuwa na pa kuonyesha. Jumapili kifua kikambana, hakuimba kwaya, akapelekwa hospitali ya rufaa, akawekewa oksijeni, akaongezewa damu, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 25 Machi 2025, saa nne, alifariki dunia akiwa na miaka thelathini na mitatu, ameacha mume, mtoto mmoja, mama yake mzazi, ndugu, na mtoto Odeta ambaye tangu juzi anauliza nani atampulizia mikono, na mama yake hajui sasa amwangalie nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana naye hadi pumzi ya mwisho, waliojitolea damu bila kumjua, mafundi wenzake waliofunga vibaraza vyao leo, kwaya, na ninyi majirani, na hapa msomaji ameombwa na mama Ng'washi aseme jambo hili kwa jina, kwamba leo alfajiri alipotoka nje alikuta mapipa yote yamejaa mpaka yanamwagika, na Mama Justa, kwa umri wake na magoti yake, amekaa chini kando ya ndoo yake amelowa mpaka kiunoni, na maji aliyooshwa Dorotea yalikuwa yamepashwa moto kwanza. Asante, mama.

Limebaki moja. Kibarazani, kwenye msumari juu ya cherehani, kuna sare ya darasa la kwanza ambayo Dorotea aliishona mwaka jana, ni ya Odeta, atakayeanza shule Januari 2028, imeachiwa upindo mpana ili ishushwe mtoto akirefuka, na Gladness anaiogopa sare ile, jana aliishika akairudisha, lakini haitashushwa pale mpaka ivaliwe. Mnachoombwa ninyi ni kidogo, mtoto huyu mtamwona anaruka kamba, amenawiri, anaimba, na kesho yake atawaambia anaumwa, tafadhalini, mwaminini kabla hajalia, na msibani mwekeeni kigoda karibu na mafiga.

Dada, hakuna tena wa kukuuliza kama kweli unaumwa. Pumzika kwa amani, pumzika penye joto.