Profesa Romani Mtewele, Aliyevitafutia Vitabu Washabiki

Profesa Romani Mtewele, tunayemzika leo Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, alizaliwa hapahapa Kifanya tarehe 2 Februari 1951. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Yosefu Mtewele, mkulima wa ngano na mpandaji wa miti ya misindano, na Mama Feliciana, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kigango. Misa ikiisha, Mama Feliciana aliwaeleza wanawe njia nzima ya kurudi nyumbani nani alikosea, na katika wimbo gani.

Alisoma shule ya msingi Kifanya, kisha shule ya bweni ya misheni karibu na Njombe. Mwaka 1975 alipata shahada ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 shahada ya uzamivu nchini Uswidi. Utafiti wake ulihusu jinsi sauti inavyopita ndani ya mbao. Wenzake walimtania kwamba ndiye mtu pekee aliyepewa uprofesa kwa kugonga milango.

Alifundisha chuo kikuu tangu 1976 hadi alipostaafu mwaka 2014. Nusu ya ofisi yake ilikuwa fizikia. Nusu nyingine ilikuwa riwaya na kanda za muziki wa dansi. Aliandika pia makala gazetini. Katika mojawapo aliuliza: “Mshabiki wa bendi anajua gitaa la solo linaingia wapi. Mshabiki wa mpira anasimulia goli lililofungwa kabla hajazaliwa. Nani amewahi kununiana na jirani kwa sababu ya riwaya?” Wasomaji wengi walidhani anatania.

Tarehe 12 Julai 1980, mjini Njombe, alifunga ndoa na Oktavia Mwalongo, muuguzi. Uchumba ulianza kwa kitabu alichomwazima. Oktavia alikirudisha baada ya wiki moja na kusema, “Huyu shujaa wako mvivu. Kurasa zote hizo hajachota hata ndoo ya maji.” Romani alikwenda kumwambia baba yake kwamba amepata mke.

Baada ya kustaafu walihamia Makambako. Mwaka 2016 alipanga chumba karibu na soko, katika jengo la Mzee Masumbuko Nyagawa, mfanyabiashara wa viazi, akakifanya chumba cha kusomea. Wanafunzi walikuja wakati wa mitihani. Miezi mingine kilikuwa kitupu. Aprili 2018 Mzee Masumbuko alisimama mlangoni.

“Kamwene, Profesa. Hao wasomaji wako wako wapi? Naona viti tu ndivyo vinasoma.”

“Watakuja, mzee.”

“Viazi vyangu vinanyeshewa. Nakupa mpaka Krismasi. Pasipokuwa na watu, pawe stoo.”

Profesa alichukua swali lake la gazetini na kulifanyia jaribio. Alitangaza mechi ya vitabu kati ya watu wa Relini, wanaoishi karibu na stesheni, na watu wa Sokoni. Kila upande ungechagua riwaya moja na kuitetea, huku washabiki wakishangilia na kuzomea watakavyo. Jumamosi ya kwanza watu walijaa. Walileta ngoma na tarumbeta mbili za kanisani. Lakini hakuna aliyekuwa amesoma chochote. Relini walipiga kelele kwamba kitabu cha Sokoni ni kinene kama tofali. Sokoni wakajibu kwamba cha Relini hakitoshi kuwashia jiko. Profesa alisimamisha mchezo na kutunga sheria moja: haruhusiwi mtu kuzomea kitabu asichokisoma. Anayezomea ataje ukurasa, au akae chini.

Walilalamika sana. Hata hivyo, mshabiki aliyenyimwa kumzomea mpinzani hana raha ya maisha. Wiki iliyofuata Sokoni walipigania nakala za kitabu cha Relini, na Relini za kitabu cha Sokoni. Mechi ya pili ilifunguliwa na Prisila, muuza mitumba na kiongozi wa Sokoni.

“Shujaa wenu kamwacha mke anajifungua, yeye yuko kilabuni! Ndiyo wanaume wa Relini hao?”

“Ukurasa! Ukurasa!” Relini wote walisimama.

“Themanini na tisa! Fungueni mwone aibu mkiwa mmekaa.”

Faustine, dereva wa bodaboda aliyeongoza Relini, alifungua, akasoma, akafunga kitabu polepole. “Mama, kumbe umekisoma chote?”

“Sasa ningekutukanaje bila kukisoma?”

Ngoma zililia mpaka biashara sokoni zikasimama. Kabla ya Krismasi Mzee Masumbuko alifika kukagua chumba chake, akakosa kiti. Alijaribu kuwazomea Relini akiwa amesimama, akaulizwa ukurasa. Jumatatu alikuja kuazima kitabu. Mwaka 2019 aliagiza mwenyewe ukuta wa upande wa pili ubomolewe ili chumba kipanuke.

Agosti 2023 Profesa aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Aliendelea kuwa mwamuzi, akiwa amekaa, miguu ndani ya blanketi. Maumivu aliyavumilia. Kilichomkosesha usingizi alimwambia mkewe tu: “Isije ikawa wanakuja kwa ajili yangu. Nikiondoka, chumba nacho kitaondoka.”

Jumamosi tarehe 17 Mei mechi ilichezwa kwa mara ya kwanza bila yeye. Alikuwa amelazwa hospitalini Njombe, na alikuwa amekataza watu wasibembelezwe kuhudhuria. Binti yake Noela alimshikia simu sikioni. Alisikia tarumbeta, kisha sauti ya Mzee Masumbuko ikiwazomea Relini, kisha chumba kizima kikidai ukurasa.

“Mia mbili na kumi na nne!” alijibu mzee.

“Kumi na tano, mzee!” alipaza sauti Faustine. “Umeruka! Rudi ukasome!”

Kicheko cha watu kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Noela aliisogeza simu mbali. Profesa alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Kisha alimgeukia mkewe, akamwambia, kama mtu aliyetoka kupokea kombe: “Oktavia, hawanihitaji.”

Alifariki dunia kesho yake asubuhi, Jumapili tarehe 18 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 74.

Ameacha mjane, Mama Oktavia, watoto wawili, Benno na Noela, wajukuu watano, dada yake, Cresensia, na washabiki wa Relini na Sokoni, ambao Jumamosi hii, kwa agizo la Mama Oktavia, watacheza kama kawaida.

Mungu ampokee mshindi huyu, na ampe pumziko lenye amani.