Gari Lililoharibika Mkesha wa Mtakatifu Gerardo

Kanisa la Mtakatifu Donato lilipofungwa kwa kukosa waumini, vitu vyake viligawanywa kama vya marehemu, na benchi moja refu likaishia nje ya duka la mikate la mjane Iacobucci, kaskazini mwa Newark, pale barabara inapokata kona. Bado lina ule ubao wa kupigia magoti. Wazee wanne wanaolikalia kila asubuhi wameugeuza meza ya vikombe. Ukitaka kujua nani kafa, nani kafilisika, na nani alistahili vyote viwili, pita hapo saa tatu. Mwisho wa benchi, kwenye ukuta unaopata joto la tanuri, hukaa Sabino Lomonaco, ambaye wenzake humwita Jicho, na hata akichelewa hakuna anayethubutu kuikalia nafasi yake. Jumatatu hiyo ya Novemba asingekuja kabisa kama si mkewe, ambaye tangu jana usiku alikuwa kimya, na ukimya wa Nunziata si wa kukaa nao chumba kimoja.

Jana mtaa mzima ulikuwa mbele ya televisheni. Kuna mchezo wa majambazi ambao watu wa hapa huulaani kwa kuwachafulia jina Wataliano, kisha hawakosi hata Jumapili moja. Jana jambazi mkubwa aitwaye Stagno, mvunja watu magoti, mume wa mtu na baba wa watoto watatu, alionekana katika baa ya ufukweni akimfuta mwanamume mwenzake mchuzi kidevuni, taratibu, kama watu waliooana siku nyingi. Aliyemwona ni Pippo, mtu mdogo wa genge lao. Picha ikaishia kwenye macho ya Pippo.

— Wamuue, alisema Hakimu kabla hajakaa vizuri.

Hakimu jina lake ni Quirino. Alikuwa bawabu wa mahakama miaka arobaini, akaamini sheria ilimwingia kwa kusimama karibu nayo.

— We kila Jumatatu unataka mtu auawe, alisema Nusu Mkate. Jana kafanya nini cha kuuawa? Kamfuta mtu mdomo.

Nusu Mkate ni Amedeo, mwokaji mstaafu. Mashine ya kukandia unga ilichukua vidole vyake viwili, na watani hawakumhurumia.

— Si mimi, ni sheria yao. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana gani tena? Stagno ana miaka hamsini.

— Methali haiangalii umri.

Wa tatu, Raffaele, aliyetumikia altare mpaka kanisa likafungwa chini ya miguu yake, wanamwita Kadinali. Kazi yake ni kumenya limau kwa kisu kidogo na kutia ganda katika kila kikombe cha kahawa. Alipofika kwa Sabino akakiruka kikombe chake, kama kawaida. Jicho hanywi na limau, kila mtu anajua.

— Kosa mimi naliona kwa mama, alisema Kadinali. Mtoto kaugua, mama kaweka nadhiri kwa Mtakatifu Antoni, kamvalisha kanzu ya kahawia, kama gauni la msichana, mpaka afike miaka saba. Wengine wanasahau kuivua. Mtoto ana miaka tisa, bado na kanzu. Sasa we unategemea nini?

— Mimi nilivalishwa, alisema Nusu Mkate.

— Ndiyo maana huna vidole.

— Haya, chekeni, alisema Nusu Mkate. Stagno si shoga hata chembe. Yule aliyefutwa ni kachero wa serikali, na mchuzi ule ni ishara. Ukifutwa kulia, mzigo umefika bandarini. Ukifutwa kushoto, haujafika.

— Na ukifutwa katikati?

— Katikati ni mchuzi tu.

— Nyote hamna akili, alisema Hakimu. Stagno mwenyewe alishakufa. Huyu ni pacha wake, kalelewa na masista kule Bari, kaletwa kwa meli kuziba pengo. Mkewe anajua. Hamkuona jana anavyomwangalia mezani? Ndiyo maana nasema, haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyejua kibaba kilikuwa cha nini. Sabino alicheka pale walipocheka. Alikuwa na ufundi huo wa kucheka kwa wakati wake, na ulimchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya bandarini.

— Tuache Stagno, aliendelea Hakimu. Mwanamume jana ni Pippo. Kaona, atasema. Kama Jicho wetu hapa.

— Libo alikuwa mtu mwema lakini, alisema Nusu Mkate. Mkate wa mama yake alikuwa anauchukua dirishani kwangu kabla haujapoa. Yule mama aliweka sahani ya mwanawe kila mkesha wa Krismasi mpaka anakufa.

— Mwema, ndiyo. Hakuna aliyesema si mwema.

Hadithi yenyewe benchi lilikuwa linaijua kwa moyo. Mwaka themanini na moja, mkesha wa Mtakatifu Gerardo, Sabino alikuwa anarudi kutoka Asbury Park kwenye mvua, gari likamfia njiani. Akaingia baa ya kwanza aliyoiona apige simu. Ndani akamkuta Liborio Tancredi, Libo, mtu wa karibu wa Mzee Cesidio, mkuu wa genge la mtaa, kashikana mkono na mwanamume asiyejulikana. Sabino akaenda kusema kwenye kilabu cha Mzee Cesidio, kile chenye vioo vilivyopakwa rangi nyeusi, hapo hapo upande wa kulia wa barabara. Baada ya siku sita Libo hakuonekana tena. Gari lake la kijani lilikutwa uwanja wa ndege, ufunguo uko juu ya kiti. Mzee Cesidio akampa Sabino usimamizi bandarini, na jina la Jicho, na heshima ambayo mpaka leo inamlindia ile nafasi ya ukutani.

Wasichokijua ni kwamba Sabino hakumkuta Libo ndani. Waliingia pamoja. Mkono ule ulikuwa wake. Mwaka mmoja na nusu walikuwa wakienda pale kila Alhamisi, na Libo ndiye aliyekuwa akimkatia ganda la limau, jembamba, akilizungusha kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kumpa. Asubuhi ya pili yake mpwa wa Mzee Cesidio akaanza kuulizauliza: gari la Libo limeonekana nje ya baa ya mashoga, na Libo alikuwa na mtu, mtu huyo nani? Sabino alijua desturi ya kilabu kile. Anayetangulia kusema ni shahidi, anayefuata ni mshtakiwa. Akatangulia. Alijiambia watamfukuza mji tu, basi. Alijiambia hivyo huku akijua si kweli, na hilo ndilo linalomwamsha alfajiri mpaka leo. Kwa siku zile sita lazima walimuuliza Libo jina la mwenzake, na hawakumuuliza kwa maneno matupu. Kwamba Libo hakulitaja, ushahidi ni kuwa Sabino yu hai.

Mzee Cesidio alishakufa. Kiti chake sasa anakikalia yule mpwa, na kuna siku, akinywa kidogo, bado anauliza.

— Huyo si shemeji? alisema Kadinali.

Nunziata alikuwa anakuja na mkoba wa mkate. Wanawake hapa hununua, husalimia, hupita. Yeye leo alisimama. Akatoa kichupa kwenye mfuko wa koti.

— Umesahau vidonge vya presha.

— Ningekuja kuvichukua, alisema Sabino. Nenda tu, nakuja.

— Shemeji, hebu kwanza, alisema Hakimu, ambaye mbele ya mwanamke hajui kunyamaza. Jana ulitazama?

— Nilitazama huku nachambua mboga.

— Basi jivunie mumeo. Pippo ndiye yeye.

— Pippo ni yeye kivipi?

— Quirino, acha, alisema Sabino. Mambo ya zamani hayo.

— Ina maana hujamwambia? Shemeji, hilo jina la Jicho unadhani limetoka wapi?

— Alikamata wezi bandarini.

Wazee wakacheka. Sabino safari hii hakuwahi kucheka nao. Alimshika Hakimu goti, akalibana, lakini Hakimu alidhani ni unyenyekevu wa shujaa, akausukuma ule mkono kwa upendo. Akasimulia yote: mvua, Asbury Park, gari kumfia njiani, simu, Libo, mkono wa yule mtu asiyejulikana. Alisimulia vizuri, kama mtu aliyekuwepo. 

— Mkesha wa Mtakatifu Gerardo upi? aliuliza Nunziata.

— Wa themanini na moja. Usiku wa ile mvua kubwa.

— Wa themanini na moja.

— Huo huo, shemeji.

— Na gari likamfia.

— Likamfia kabisa, halikuwaka tena.

Nunziata akamgeukia mumewe.

— Gari lipi?

Ni swali ambalo mtu yeyote angeweza kuuliza kwa miaka ishirini na tano. Maana mtaa huu ulikuwa na hadithi nyingine ya mkesha ule ule, ambayo wanawake huisimulia jikoni: Nunziata kashikwa na uchungu, mume yuko zamu ya usiku, yeye akaingia kwenye gari peke yake, tumbo limegusa usukani, akajiendesha mpaka hospitali kwenye mvua, na kabla hakujapambazuka kazaliwa Gerardina, aliyepewa jina la mtakatifu wa wajawazito. Wanaume waliisikia kila siku ya kuzaliwa ya binti, wakitafuna. Hakimu mwenyewe ndiye baba wa ubatizo wa Gerardina. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuziweka hadithi mbili pamoja, kwa sababu moja ilikuwa ya wanaume na nyingine ni mambo ya wanawake.

— Tulikuwa na gari moja, alisema Nunziata. Lilikuwa nje ya hospitali mpaka Jumapili. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu.

Hakimu alifungua mdomo. Kila mtu alisubiri methali, hata iwe ya kombo, haikuja. Kadinali alikuwa ameshika kisu juu ya limau na hakati.

— Libo alikuwa na lile la kijani, alisema Nusu Mkate polepole, kama anayejikumbusha. Kisha akaangalia vidole vyake vilivyobaki, na ilionekana angelipa chochote ili awe hajalisema.

Kadinali akaweka kisu chini, akaingiza mkono mfukoni kushika chuma cha ufunguo, kama watu wa hapa wafanyavyo kuzuia mkosi. Akajitenga nusu hatua kwenye benchi. Sabino alihisi baridi upande ule.

— Nilipiga simu bandarini kutoka wodini, alisema Nunziata. Alikuwa anazungumza na mumewe tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka orodha ya vitu vya sokoni. Wakaniambia hukuja, wala Alhamisi zilizopita hukuja. Nikanyamaza, nilikuwa na mtoto kifuani. Nikasema, ana mwanamke. Nimewaangalia wanawake wote wa barabara hii, Sabino. Rosaria wa dobi nilimchukia bure mpaka kazikwa, na mazikoni sikwenda. Miaka ishirini na tano nilikuwa namtafuta mwanamke.

— Nunzià, alisema Sabino.

— Libo ndiye alikuwa awe baba wa ubatizo. Nilimpelekea mama yake keki ya ubatizo, akanishika mkono, akaniuliza kama tumesikia lolote. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, Sabino anamtafuta kila siku.

Sabino hakuweza kumtazama. Alitazama ubao wa kupigia magoti, vikombe vinne, mashapo ya kahawa. Alitaka kusema kwamba aliogopa, na ni kweli aliogopa, lakini Libo pia aliogopa siku sita na hakusema.

Nunziata alifungua kichupa, akamtilia kidonge kiganjani, akakifunga kile kiganja kwa mkono wake.

— Kula mkate kwanza. Usimeze tumbo tupu.

Akaenda, na mkoba wake, kwa mwendo wa kila siku.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kadinali. Alisema kuna fundi bomba anakuja kwake. Nusu Mkate alisimama mbele ya Sabino kidogo, akanyoosha ule mkono wenye upungufu kama anayetaka kumgusa bega, kisha akaurudisha akaondoka bila kuaga. Akabaki Hakimu. Alikuwa mwekundu usoni.

— Mimi nilimsimamia mtoto wako ubatizo, alisema. Nilisimama mahali pa Libo.

— Ndiyo, Quirino.

— Nimeisimulia hadithi ile kwa watu wangapi? Kwa mpwa mwenyewe nimeisimulia.

— Najua.

— Sasa nao wakianza kuuliza gari lipi, watasema nami nilijua.

Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Nyumba ya Hakimu iko kushoto, baada ya duka la dawa, na kwa miaka yote aliyokaa kwenye benchi lile hakuwahi kutoka akaenda upande mwingine. Leo alisimama ukingoni mwa barabara, akatazama kushoto, kisha akageuka kulia, kuelekea kwenye vioo vyeusi vya kilabu. Alitembea haraka, kama mtu anayetaka kuwahi.

Sabino alimwangalia mpaka akapotea. Angeweza kumwita. Angeweza kukimbilia nyumbani, au kituo cha treni. Alibaki kwenye nafasi yake ya ukutani, na sasa benchi zima lilikuwa lake.

Mjane Iacobucci akachungulia dirishani.

— Wenzako wamekwenda wapi mapema hivi? Kahawa imekwisha. Nichemshe nyingine?

— Kikombe kimoja tu, mama, alisema Sabino. Na limau.