Bi Polikseni Terpo na Lugha Aliyokataa Kuijua

Marehemu Bi Polikseni Terpo alifahamiana na mkwewe, Ligor Stefa, mwezi Aprili mwaka 1992 hapa Korça, kwa sababu ya matufaha. Ligor ndiye aliyeandika wasifu huu, na anatajwa humu kwa jina kwa kuwa hakuna njia ya kumruka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, ghala la matufaha, na mpaka wa Ugiriki uliokuwa umefunguka. Vijana wote mjini walikuwa wakibishana wajifunze Kigiriki au Kiitalia. Ligor akaelekezwa kwa mama mmoja aliyewahi kujifunza lugha mbili, zote kwa hasara. Akashauriwa amsikilize vizuri, kisha afanye kinyume chake.

Alibisha hodi na mfuko mkononi. Marehemu aliyatoa matufaha moja moja, akatenga mawili yaliyopondeka.

"Haya uliyaficha chini makusudi."

"Mama, yamejipanga yenyewe."

"Haya bwana. Nani ananunua kwako?"

"Wagiriki."

"Sasa umekuja kuniuliza nini? Anayenunua huongea lugha yake na anahudumiwa. Anayeuza ndiye anayejifunza."

Ligor hakuwahi kuamini ushauri usio na bei. Alipeleleza rafu ya vitabu kwa macho, akauliza, "Na wewe mama, siku hizi unasoma lugha gani?"

"Sisomi yoyote. Nimeshavunja urafiki wa nchi za kutosha."

Ligor alicheka. Marehemu hakucheka.

Bi Polikseni alizaliwa tarehe 14 Novemba 1940 hapa hapa Korça, mtoto wa pili wa mshona makoti. Alisoma shule za mji huu, na kwa kuwa alikuwa na kichwa chepesi, mwaka 1958 alipelekwa Leningrad kusomea Kirusi. Hakuchagua, wakati ule lugha ulipangiwa. Agosti 1961 serikali ya Albania ilikuwa imekosana na Warusi, na wanafunzi wote wakarudishwa nyumbani. Mwaka 1963 akapelekwa Peking kusomea Kichina. Alirudi mwaka 1966, akawa mkalimani wa mafundi wa Kichina kiwandani kwa miaka kumi na miwili, na hakuna mashine iliyowahi kuharibika kwa sababu ya tafsiri yake. Julai 1978 serikali ikakosana na Wachina pia. Mafundi walifunga mizigo. Mmoja wao alimwachia chupa ya chai yenye maua makubwa mekundu, ambayo aliitumia hadi mwisho.

Afisa mmoja alimwita mara mbili, akamuuliza ilikuwaje mataifa yote mawili yaondoke mara tu yeye alipoijua lugha yao.

"Mlinituma nyinyi," alijibu marehemu.

Afisa aliliandika jibu hilo, akalitazama, akalifuta. Bi Polikseni akahamishiwa maktaba ya shule, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1995.

Majirani hawakuhitaji kumhoji. "Poliksa!" Bi Vasilika wa ghorofa ya juu alikuwa akimpigia kelele kutoka barazani. "Hebu anza Kiitalia tuone kama televisheni yao itazimika!" Marehemu alikuwa akimjibu kwamba hata Kialbania chake Vasilika kilitosha kufukuza wageni.

Mwaka 1967 alifunga ndoa na Fani Terpo, fundi saa, mtu wa lugha moja na hata hiyo aliitumia kwa uchache. Fani alitangulia mwaka 2004. Walijaliwa binti mmoja, Evgjeni, ambaye ndiye aliyeleta kahawa na tunda lililopikwa kwa sukari siku ile ya matufaha. Ligor alirudi mara ya pili kuuliza tena habari za Kigiriki. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Marehemu alimwambia, "Jifunze kwanza, posa baadaye." Akajifunza, akauza, na harusi ikafanyika tarehe 9 Oktoba 1994. Ushauri ule ulimjenga Ligor, na anakiri hivyo mbele ya watu.

Mwaka 1996 alizaliwa mjukuu pekee, Sidorela. Alipokuwa akisomea uuguzi, kila mtu mjini alijua soko la wauguzi liko wapi, na Ligor akaamua: Kijerumani. Marehemu hakusema ndiyo wala hapana. Lakini kila Sidorela alipofungua kitabu mezani, bibi yake aliinuka, akachukua chupa yake ya chai na kutoka kwenda barazani, hata Januari, theluji ikiwa imefika kwenye kingo za dirisha. Msichana akikariri kwa sauti, bibi aliongeza redio.

Machi 2017 Sidorela akafeli mtihani wa Kijerumani. Ligor akapiga hesabu zake: bibi ana mjukuu mmoja, na msichana anayefeli hapandi ndege.

"Mama, Kijerumani kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Ndiyo maana natoka nje."

"Hilo nalo ni jibu?"

"Ni jibu. Wewe hulipendi tu."

Ligor alikuwa amebishana bei na watu wa nchi tatu, akajiona anamjua mtu anayeficha kitu chini ya mfuko. Juni mwaka huo alimhamisha Sidorela kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, akasome kwa utulivu. Marehemu hakubisha. Kila Jumapili alimpa Evgjeni pai ya vitunguu ampelekee mtoto, ikiwa bado ya moto. Sidorela alifaulu, na tarehe 3 Juni 2018 akaondoka kwenda Kassel, Ujerumani.

Novemba mwaka huo moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Januari 2019 Sidorela alipata likizo ya siku kumi. Siku ya pili alipigiwa simu kutoka kazini, akajibu kwa Kijerumani kando ya kitanda. Bibi yake alivuta kitambaa cha kichwa, akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Ligor alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu.

"Bibi, mpaka leo?" Sidorela alicheka, simu ikiwa imekwisha.

"Kirusi nilifika nusu ya kamusi, Warusi wakaondoka. Kichina nilikimaliza, Wachina wakaondoka. Wajerumani sitaki kujua hata asante yao. Wana mtoto wangu."

"Ilitokea tu, bibi."

"Pengine. Unataka nijaribu mara ya tatu, na wewe uko huko?"

Ligor alisema, "Mama, si ungeniambia?"

"Nilikuambia siku ya matufaha. Ulicheka."

Supu ilipoa.

Bi Polikseni alifariki nyumbani kwake tarehe 24 Januari 2019, saa tatu asubuhi, Evgjeni akiwa amemshika mkono. Sidorela alikuwa amesharudi kazini siku nne kabla. Amekuja tena, na yupo hapa.

Ligor alipata alichotaka: binti mwenye kazi nzuri katika nchi ambayo bado haijakosana na mtu. Marehemu naye alipata alichotaka, kwa kutojua neno hata moja. Alichopoteza ni mwaka wa mwisho wa mjukuu wake mezani kwake, na mwaka huo Ligor aliutoa bila kuwa wake.

Ameacha binti, Evgjeni, mkwe, Ligor, mjukuu, Sidorela, mdogo wake, Bi Marjanthi, na jirani, Bi Vasilika, anayelia kuliko sisi sote. Ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu na kahawa vitatolewa nyumbani.

Shada la maua kutoka hospitali ya Kassel lina utepe ulioandikwa Kijerumani. Ligor ameulaza mwenyewe, maandishi yakiangalia chini, ili mama asiyasome.

Mungu ampe usingizi mtulivu.