Rozalia Mhema, Aliyepasua Mikatale

Kamwene Baba Padri, kamwene wazee, majirani na nyote mliopanda mlima huu wa Ilula kwa miguu kuja kumzika dada yangu. Mimi ni Edmund Mhema, mdogo wake wa mwisho, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na wazee wa ukoo wameniasa tangu jana nisome taratibu, nisilie, na nikifika mahali pa kifo nipite haraka. Kulia sitalia. Hilo la pili tutaona.

Marehemu Rozalia alizaliwa Ipogolo tarehe 14 Septemba 1911, akabatizwa mwaka uleule, akaanza shule ya misheni mwaka 1920 na kuiacha mwaka 1924 akiwa anajua kusoma, kuandika, kushona na kubishana na mwalimu, na hili la mwisho ndilo lililomtoa, kwa maana siku moja mwalimu alimchapa mwanafunzi mwenzake mpaka damu ikamtoka sikioni, naye Rozalia akamnyang'anya fimbo, akaivunja kwa goti mbele ya darasa zima.

Tarehe 6 Juni 1931 alifunga ndoa na Liberatus Kikoti, mzaliwa wa hapa Ilula, dereva wa lori, mtu mpole aliyecheka kabla hujamaliza kusimulia, wakahamia Mbeya, mume akibeba mizigo barabarani na mke akifua nguo za wagonjwa hospitalini, Mungu akawajalia watoto watatu, wawili wakachukuliwa na surua wakiwa wachanga, akabaki Kasian, aliyezaliwa Mbeya tarehe 2 Mei 1934, na ndiyo maana wengi wenu hamkumjua dada kwa jina la Rozalia, mlimjua kwa jina la Mama Kasian.

Tarehe 18 Novemba 1946, karibu na Chimala, lori la Liberatus lilipinduka likiwa limejaa mpunga, yeye akabanwa kifua na usukani, na Kasian, ambaye alikuwa amepanda na baba yake siku hiyo kwa sababu alimlilia amchukue, alirushwa nje mzima, akarudi, akaushika mkono wa baba yake uliokuwa umetokeza dirishani, akaushika tangu asubuhi mpaka watu walipofika, na mkono ulikuwa umepoa zamani.

Mjane akarudi hapa kwa wakwe mwaka 1947 na mwanawe, na yule mtoto akakua vizuri kwa macho ya watu, lakini alipofika miaka kumi na sita akaanza kujipigiza kichwa ukutani, akaanza kutoka mbio kuyakimbilia malori barabarani akipaza sauti kwamba kuna mtu ndani, na sisi hatukukosa maneno, huyu alisema pepo, yule alisema karogwa, mwingine alisema bangi, wala hakuna hata mmoja aliyemuuliza alichokiona Chimala. Hata mmoja, jamani!

Mwezi wa Agosti 1951 Rozalia alikwenda Iringa kumtafutia mwanawe dawa, na huku nyuma baba wadogo wa Kasian, ndugu za Liberatus, wakamtia katika mkatale, lile gogo letu la kienyeji lenye tundu la mguu linalozibwa kwa kigingi, wakamwacha nyuma ya boma, wakasema ni kwa usalama wake, na tarehe 23 mtu mmoja akachoma shamba, upepo ukageuka, moto ukaja bomani, watu wakakimbia. Mbuzi waliokolewa wote. Kasian alikutwa bado mguu uko tunduni, kucha zimekatika kwa kuling'ang'ania gogo, naye alikuwa na miaka kumi na saba.

Alipotoka makaburini dada alichukua shoka, akaenda boma hata boma, kila mkatale aliouona aliupasua kuni, na shemeji yake alipomzuia alimpiga kwa mpini akamvunja bega, barazani wakampa kifungo cha miezi mitatu, akakitumikia Iringa bila kuomba radhi, akarudi, na siku ya kwanza tu akauliza ni nani ametengeneza mpya.

Kuanzia mwaka 1953 ndipo alipoanza kazi tunayomkumbuka kwayo, alimtoa Benedicta, binti aliyekuwa hasemi wala hali tangu alipoharibiwa na mtu wa nyumbani kwao, akamleta kwake, kisha wakafuata wengine, vijana wa kiume na wa kike, waliojikata, waliojitia kitanzi, waliosikia sauti, na kila aliyekuja alipewa mwanzi wake mmoja wa kugema. Nyote mnajua ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, haumsubiri mtu, chipukizi la mwanzi hukatwa utepe mwembamba asubuhi na jioni, ukiliruka linakauka, basi mtoto aliyesema hana haja ya kesho alilazimika kuamka kwa sababu ya mwanzi, na Mama Kasian aliketi chini yake akisuka mkeka, haulizi kitu, hahubiri, mpaka siku moja yule aliye juu aanze kusema mwenyewe, akishaanza hakatizwi. Watu wakamwambia, we Mama Kasian, unampaje mwendawazimu kisu? Akawajibu, ninyi mmewapa gogo, limemponya nani? Basi ulanzi wake wakaendelea kuunywa.

Oktoba 1957 alikuja Yotamu, kijana wa miaka kumi na minane, mtoto wa Jumbe wetu Filemoni, aliyerudishwa kutoka shule kwa kuwa alisikia watu wakimtukana ambao hawakuwapo, na baba yake alikuwa amemchapa kwa kiboko kila asubuhi apate akili, mgongo ukaoza. Dada aliuosha ule mgongo mwezi mzima.

Sasa nimefika mahali pa kupita haraka. Nimeagizwa niseme kwamba marehemu aliuawa kwa kisu na mgonjwa aliyemlea, na kwamba Mungu amependa. Sisemi! Jumapili tarehe 9 Machi 1958, alasiri, Jumbe Filemoni alikuwa kilabuni, wageni wakamcheka kwamba mwanawe anamgemea mwanamke ulanzi, akanyanyuka na rungu na kamba, nasi wanywaji wote tukamfuata, na wengi wa walioona wamesimama hapa wakitazama vidole vya miguu yao. Yotamu alikuwa mwanzini, alipomwona baba yake alikitupa kisu mbali, akachutama, akafunika kichwa. Dada akaingia kati. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, akausogeza ule mwingine, akasema, huyu humchukui, Filemoni, nimeshazika mmoja. Pigo la pili lilikuwa la kichwa, nikausikia mfupa nikiwa kwenye ua.

Yotamu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia lori likaja likasimama, na damu iliyomjaa shatini ni ya kumbeba, lakini kufika jioni baba mzazi alikwisha mfunga kamba na kumtia katika ghala la baraza, akisema mwendawazimu ameua. Rozalia alikata roho hospitalini Iringa Jumatano tarehe 12 Machi 1958, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Mtoto huyu akipelekwa mahakamani kwa maneno hayo atanyongwa, na Jumbe analijua hilo kuliko sisi.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari, aliyeniambia waziwazi kwamba jeraha ni la mti mzito wala si la kisu, na yuko tayari kuapa, nawashukuru wauguzi, Baba Padri, waliofua nguo naye Mbeya waliosafiri siku mbili, na Benedicta, ambaye leo ni mke wa mtu Chimala, kaja na mchele wa matanga na mtoto mgongoni. Namshukuru Bwana Sajini wa polisi, aliyekuja kumchukua Yotamu akaacha kwanza niumalize usomaji huu, nitapanda gari lake mimi mwenyewe kutoa ushahidi, na ghala la baraza nimelivunja mimi asubuhi hii, kamba nimeikata mimi, asisumbuliwe mwingine. Majirani, nawashukuru kwa kuni na maji. Shukrani iliyobaki nitawapa mkipanda gari pamoja nami.

Jumbe, usiondoke, kaburi bado halijafunikwa.

Yotamu, mwanangu, sogea, usiogope, kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu. Tupa.

Pumzika kwa amani, dada.