Breki ya Kisogoni

Kinyozi waliyembandika jina la Petroli aliketi ukingoni mwa benchi, nje ya kibanda chake, kahawa ikimpolea mkononi. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kuchekea utani wa kijiwe. Leo macho yake hayakubanduka kwenye kona ya barabara, maana shemeji yake, kaka wa mkewe, alituma salamu kwamba atapita jioni. Mwezi uliopita Petroli alimzaba kofi shemeji huyo mpaka jino likang'oka, nyumbani, mbele ya mkewe, kwa neno moja tu la utani. Mke akafunga virago akarudi kwao. Tangu hapo Petroli amekuwa akienda hospitali kubwa, kwa watafiti wa ubongo. Kijiwe kilidhani anatafuta dawa. Kumbe alikuwa anatafuta udhuru, na moyoni alilijua hilo vizuri.

— Hebu tueleze tena, alisema Spana, fundi wa pikipiki. Wanakutoboa kichwa?

— Hawatoboi kitu. Wanakuwekea kisahani hapa kisogoni, kinagonga ta! ta! ta! Shingo inarukaruka yenyewe. Halafu unatazama kioo cha kompyuta: ukiona mshale, bonyeza kitufe; ikitokea alama nyekundu, zuia mkono.

— Ukishindwa kuzuia?

— Hawagombi. Wanaandika tu.

— Mbona kisogoni? aliuliza Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kuingia ila kama shahidi. Akili si iko mbele?

— Huku nyuma kuna ubongo mdogo. Zamani walidhani kazi yake ni kukuzuia usiyumbe ukitembea. Sasa wanataka kujua kama ndio pia unaomsaidia mtu kujizuia. Wanaugusa kwa sumaku, waone mkono unatulia au unaponyoka.

Spana akapiga paja.

— Si nilisema! Breki ya nyuma! Bana ya mbele peke yake uone utakavyopiga mwereka. Petroli, waya wako umelegea tangu kuzaliwa!

— Basi kesi imekwisha, alisema Wakili. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Breki haikuwepo, na kosa halipo! Shemeji akija, mpe hiyo hiyo.

— Na jino akawadai watengenezaji, alidakia Spana.

— Watengenezaji gani?

— Waliomzaa Petroli!

Benchi likaangua kicheko. Petroli hakucheka. Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyafanyia mazoezi kila usiku kitandani peke yake: mke wangu, si mimi, ni kichwa.

— Ngojeni, alisema Wakili, mabosi wakiipata sumaku hiyo, wataishona kwenye kofia za wafanyakazi. Unafungua mdomo kuomba nyongeza, ta! unajikuta unashukuru. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe!

— Mwana kaingiaje hapo? aliuliza mama muuza kahawa, akimimina.

— Anaingia tu, mama. Leo ulikwenda, Petroli?

— Nimetoka huko mchana. Ila siku nyingine kisahani kinagonga bure, hakina nguvu yoyote. Hawakwambii ipi ni ipi.

Spana akashusha kikombe.

— Kwa hiyo leo hujui kama wamekaza waya au wamelegeza? Na shemeji anakuja? Na wewe una wembe?

Shemeji alikuwa amekwisha kukata kona.

Alisalimia wote, wakamwitikia kwa sauti ndogo. Akapita moja kwa moja kibandani, akakaa kwenye kiti kinachotazama benchi.

— Ninyoe ndevu, shemeji.

Petroli akampaka povu, akabadilisha wembe. Mkono wa kushoto ukashika kisogo cha shemeji, kama anavyomshika kila mteja. Wakili hakuvumilia. Akasimama mlangoni akamwaga yote: kisahani, ubongo mdogo, waya uliolegea. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho. Alipofungua kinywa, pengo likaonekana.

— Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilo hilo. Mwenye kibanda, unayemlipa kodi, alikuja akakutukania mama yako mbele yetu sote. Ukainamisha kichwa, ukasema, samahani mzee. Jioni mimi nikakutania, ukanipiga. Sasa breki ya asubuhi ilitoka wapi?

Spana akamtazama Wakili. Wakili akatoka mlangoni, akarudi kukaa. Mama akainamisha birika juu ya kikombe cha Wakili, likatoa tone moja na machicha.

Wembe ulikuwa bado hewani. Shemeji akafumba macho, akanyanyua kidevu, koo lote wazi.

— Nyoa tu. Nikitoka hapa naenda kwa dada. Ananisubiri. Nimwambie nini?

Petroli alinyoa. Alinyoa polepole, chini ya taya, kando ya koo, na benchi zima lilisikia wembe ukikwaruza. Alipofuta povu la mwisho, aliuweka wembe chini, akamtazama shemeji machoni.

— Mwambie breki ilikuwepo.