Shangazi, Flashi na Chenga ya Mchele

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Shangazi atafunga chumba cha kompyuta cha shule yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina hilo hakulipata kwa ukoo. Hata mkuu wa shule humwita hivyo, na kwa unyenyekevu.

Alianza kazi akibadilisha utepe wa taipureta. Zikaja disketi, akazitia adabu. Zikaja flashi, zikamfunza subira. Nusu ya flashi zilizotangazwa kufa alizifufua kwa kipande cha kifutio, akisugua vibati vyake vya ndani. Nusu nyingine alizifufua kwa kumuuliza mwenyewe kama kompyuta ameiwasha.

Lakini cha kusimulia ni siku ya wazazi, miaka kumi na miwili iliyopita. Matokeo ya shule nzima yalikuwa kwenye flashi moja, bila nakala, na kompyuta ikagoma kuisoma. Zilibaki saa mbili. Mwalimu wa fizikia aliipuliza. Naibu mkuu aliigonga mezani. Shangazi alivaa miwani, akachukua pini, akachokoa mdomoni mwa flashi chenga ya mchele. Sote tukatazama dari.

Alipoichomeka tena, kompyuta ikaomba ruhusa ya kuifomati, yaani kufuta kila kitu. Naibu, mtu mwepesi wa kukubali, akanyoosha kidole. Shangazi akakichapa kwa rula: "We baba, utatuzika sote!" Akaihamishia kwenye kompyuta kuukuu ya stoo, na matokeo yakafunguka yote. Naibu alishukuru huku akipuliza kidole.

Sasa nikiri. Karani aliyefua suruali na flashi mfukoni, kisha akaifukia kwenye mchele ikauke, ni mimi. Nilikuwa kwenye majaribio, na mkataba wangu ulikuwa usainiwe wiki ile. Shangazi alijua, maana dari niliitazama muda mrefu kuliko wote. Kwenye daftari la matengenezo, penye chanzo cha hitilafu, akaandika "vumbi". Hakunisimanga kamwe, ingawa kila siku ya wazazi aliniuliza kwa upole nyumbani tumepika nini.

Shangazi, asante kwa kunisitiri. Tunakuombea pumziko jema, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu mwenye flashi. Yule naibu leo ndiye mkuu wetu, na haya anayasoma kwa mara ya kwanza. Jumatatu nitaitwa ofisini, na wewe hutakuwepo.